Mihuri Minne na Gugu Lisilo na Kwao

Nchi ni nne na ziwa ni moja. Usiniulize ziko wapi. Kama unazijua, zijue kimyakimya. Kama huzijui, shukuru, uendelee na shughuli zako. Mimi naeleza nilichokiona nikiwa na birika mkononi, maana mtu mwenye birika hata akisimama mbele yao watu hawaachi kusema.

Nchi zenyewe zinaitwa Kaskazini, Kusini, Mashariki na Magharibi. Zamani zilikuwa na majina. Lakini siku ya kuandika mkataba wa ushirikiano kila moja ilitaka jina lake litangulie, wakabishana mwaka mzima, mwisho wakafuta majina yote. Hivyo ndivyo ushirikiano ulivyoanza.

Wakaunda Tume ya Ushirikiano wa Bonde la Ziwa. Makao makuu wakayajenga juu ya kilima cha mawe, mahali ambapo ziwa halionekani kabisa, kwa sababu wataalamu walisema dirisha lolote lenye ziwa lingeonyesha upande wa mmoja kuliko wa mwenzake. Jengo likawekwa milango minne, ili wajumbe waingie pamoja na asiwepo aliyetangulia. Meza ni ya duara. Chupa za chai ni nne, kila moja na bendera yake ubavuni. Chai yenyewe naipika mimi kwenye sufuria moja, ila hilo hawajawahi kuniuliza.

Sasa jambo kubwa pale ni muhuri. Azimio la Tume si azimio mpaka lipigwe mihuri minne kwa mpigo mmoja. Si mmoja baada ya mwingine, hapana. Wa kwanza angejidai mkubwa, na wa mwisho angeonekana mkia. Kwa hiyo karatasi inawekwa katikati, wajumbe wanne wanasimama, kila mmoja na kona yake, mihuri juu, halafu mtu anahesabu: moja, mbili, tatu. Ukisikia pa! moja, hiyo ni sheria ya nchi nne. Ukisikia pa-pa, karatasi inachanwa na kikao kinaahirishwa mwezi mzima.

Na kuisoma je? Kuisoma karatasi kabla ya muhuri ni marufuku. Wajumbe waliona kwamba lazima angetokea wa kumaliza kusoma kabla ya wenzake. Basi karatasi hupigwa mihuri, hupelekwa redioni, na saa saba mchana wajumbe hukaa na kusikiliza walichoamua, sawa na sisi wengine.

Anayehesabu ni mimi.

Siku ya kuajiriwa nilihojiwa na Katibu Mkuu mwenyewe, Mheshimiwa Dakta Balozi Rutengwe. Vyeo vyake viliingia chumbani kwanza, yeye akafuata.

"Umesoma, binti?"

"Nimemaliza la saba, mzee."

"Kuhesabu unajua?"

"Najua."

"Mpaka ngapi?"

"Mpaka itakapoishia, mzee."

Akakunja uso. "Hapa tatu inatosha. Ukifika nne, utatuvunjia uhusiano."

Walinitaka mimi kwa sababu mwenye kuhesabu lazima awe mtu asiye wa nchi yoyote. Mimi nimezaliwa Rwanga, kisiwa kilicho katikati ya ziwa, pale mipaka yote minne inapokutana. Rwanga ni ya wote. Ndiyo maana haina zahanati, haina gati, haina hata kibao cha kusema umefika. Kila nchi inaogopa kujenga isije ikaambiwa inanyakua. Shule tulijijengea wenyewe kwa matofali ya tope. Iliishia la saba kwa sababu tope zuri liliisha.

Huko Rwanga yuko dada yangu, Nyangeta. Ndiye aliyenilea. Mtoto wake wa kwanza hakupona, na yeye mwenyewe alipasuliwa ndipo akaokoka. Muuguzi wa hospitali ya ng'ambo alimwambia kwa kidole: wa pili usithubutu kumzalia nyumbani, utakufa. Hilo mlishike, maana Tume haikulishika.

Ndipo gugu likaja.

Dada alinipigia simu asubuhi. "Wakuru, ziwa limeota."

"Limeota nini?"

"Nimeamka nikadhani nimehamishwa. Mbele ya mlango kuna bustani. Majani, maua ya zambarau, kwenda mpaka usipoona. Masatu kasukuma mtumbwi hatua kumi ukagoma kama punda."

"Na tumbo?"

"Tumbo lina miezi sita, linacheza mpira. Usihofu, mdogo wangu. Tuna mapanga. Siku mbili tutakata njia."

Kweli wangekata. Watu wa Rwanga wanajua kazi. Lakini Tume ilipata habari kwamba kuna tatizo, na Tume haiwezi kuliacha tatizo liishe hivihivi bila kikao.

Ajenda ilikuwa moja: gugu hili ni la nani?

"Si letu," alisema Mjumbe wa Kaskazini. "Upepo wetu huvuma kuja ndani. Hautoi kitu nje. Ni sera."

"Si letu pia," alisema wa Kusini. "Sisi ua la zambarau halimo katika utamaduni wetu."

Mjumbe wa Mashariki, mama mmoja mwenye miwani miwili, ya kusomea na ya kudharau, akavaa ya pili. "Gugu la kwetu lingeomba kibali."

Mjumbe wa Magharibi alikuwa amelala. Wakamgusa. "Napinga!" akasema.

"Unapinga nini, Mheshimiwa?"

"Yote mliyokuwa mnasema juu yetu."

Nikamimina chai. Wakanywa, wakasifu, kila mmoja akisema ya chupa yake ndiyo tamu. Kisha karatasi ikaletwa, mihuri ikapanda, nikahesabu. Moja, mbili, tatu. Pa! Mpigo safi. Walinipigia makofi.

Saa saba redio ikasoma: ni marufuku kwa mtu yeyote, hata wa Rwanga, kukata gugu mpaka uraia wa gugu ujulikane, kwa kuwa kukata gugu la nchi nyingine ni uchokozi. Nilikuwa jikoni naosha vikombe. Niliposikia neno Rwanga, kikombe kikaniponyoka. Nilikuwa nimehesabu kwa sauti nzuri kabisa, jamani. Kwa sauti ya kanisani.

Wiki ya tatu baada ya hapo, Mama Ndaro alishikwa na uchungu. Yule ni jirani yetu, muuza dagaa, mwanamke wa kucheka mpaka mwalo mzima wa wavuvi ukageuka. Wakamtia mtumbwini, wakasukuma. Kutoka alfajiri mpaka alasiri mtumbwi ulikuwa umekwama ndani ya gugu, mahali unapoona bati la hospitali likimetameta. Mapanga wanayo mtumbwini, walinzi wa Tume wamesimama na boti pembeni, wanawasomea azimio. Mama Ndaro alikufa akiliangalia lile bati. Mtoto naye.

Kwenye kumbukumbu za kikao waliandika: "Msafiri mmoja hakuwasili." Katibu Mkuu akapendekeza wasimame dakika moja kwa heshima. Mashariki akauliza, alifia maji ya nani? Maana mwenye maji ndiye mfiwa, na mfiwa ndiye anayesimama kwanza. Hawakujua. Basi wakabaki wamekaa, wakala sambusa.

Nami niliwapa sambusa. Nisiseme uongo.

Mwezi wa nane wa tumbo la dada, wafadhili wakaja. Watu wa mbali, wenye kofia za jua na chupa zao za maji. Wakalitazama gugu kwa huzuni, wakaandika, wakaondoka, halafu ikaja barua: nchi yenye gugu jingi zaidi itasaidiwa magari meupe kumi na mawili, yenye viyoyozi, ya kupambana na gugu.

Magari, ndiyo. Ziwani.

Kikao kikaitishwa haraka hivi kwamba Magharibi alikuja akiwa macho.

"Gugu hili," Kaskazini alianza, akifuta jicho, "babu zangu walilikuta."

"Lilitoka kwetu!" Kusini akadakia. "Ua la zambarau! Angalieni vitenge vya mama zetu!"

"Gugu lina kibali," Mashariki akasema, akitoa kibali kwenye mkoba, wino bado haujakauka.

"Napinga," Magharibi akasema. "Lakini naunga mkono kwamba ni letu."

Tangu siku hiyo gugu likawa mtoto wa watu. Bendera zikachomekwa ndani yake. Kukafanywa sensa, shada kwa shada. Kila shada likafungwa kitambulisho chenye namba na picha yake. Upepo ukivuma kutoka Kusini kwenda Mashariki, Kusini walitangaza kwamba raia wao wametekwa. Walinzi waliokuwa wakizuia watu wasilikate kwa kuwa halina mwenyewe, sasa waliwazuia kwa kuwa lina wenyewe wanne. Na watu wa Rwanga, ambao wamekaa pale tangu kabla ya redio, mpaka leo hawana kitambulisho hata kimoja.

Watu wangu walikata hata hivyo, alfajiri moja, wote, wanaume na wanawake. Walifika nusu ya njia. Wakakamatwa kwa kosa la kuzipunguzia nchi marafiki idadi ya watu. Wakarudishwa kisiwani, mapanga yao yakachukuliwa yote, yakafungwa kwa kamba na kuandikwa "silaha".

Siku chache baadaye, shemeji yangu Masatu alifika kilimani kwa Tume. Alikwenda mlango wa Kaskazini.

"Wa nchi gani?" mlinzi akamuuliza.

"Wa Rwanga."

"Mlango wa Rwanga haupo. Zunguka."

Akazunguka. Mlango wa pili wakamwambia azunguke, wa tatu hivyohivyo, wa nne wakamrudisha wa kwanza. Mzunguko wa pili nikamwona kwa dirisha la jikoni, nikamvuta kwa kimlango cha jikoni cha kuingizia kuni. Miguu yake ilikuwa imejaa ruba, suruali imekatikia magotini.

"Umepitaje, shemeji?"

"Kwa mbao mbili. Unakanyaga moja, unaisogeza nyingine mbele. Tangu kunakucha jana." Nikampa uji, akaushika tu. "Wakuru, dada yako miguu imevimba, pete haitoki. Mkunga kamshika tumbo, akasema mtoto kakaa vibaya. Zimebaki siku chache, si wiki. Kwenye mbao hawezi, utambebaje mtu juu ya majani?"

"Amesema nini?"

"Amesema nikuambie usilie kazini. Halafu yeye mwenyewe akalia."

Nilimbandua ruba, nikamfunga miguu kwa kitambaa cha meza chenye bendera ya Magharibi, maana ndicho kilichokuwa kisafi. Kisha nikapanga vikombe kwenye sinia nikaenda ofisini kwa Katibu Mkuu.

"Mzee, nina ombi."

"Sukari imeisha?"

"Dada yangu yuko Rwanga, mzee. Mjamzito. Akikosa kuvuka wiki hii atakufa. Tunaomba watu wakate njia moja tu, upana wa mtumbwi."

Akaweka kalamu chini polepole, akasimama, akafunga kifungo cha koti. Kulikuwa na watu wawili mle ndani, mimi na yeye, lakini alihutubia kama kwenye uwanja wa mpira.

"Binti. Wewe unamwona dada. Mimi naiona kanda! Dada ni mmoja, kanda ni mamilioni. Leo tukikata njia ya dada, kesho tutakata ya shangazi, na keshokutwa hatutakuwa na gugu, na pasipo gugu hapana Tume, na pasipo Tume, nani atamsaidia dada yako?" Akaketi, amechoka kwa wema. "Hata hivyo, mlango uko wazi. Ombi liletwe na nchi mwanachama."

Nikaenda kwa wajumbe, mmojammoja, na chai. Kaskazini akasema atafurahi sana kulileta ombi baada ya Kusini kulileta. Kusini akasema Mashariki ndiye mama, suala la uzazi ni lake. Mashariki akanitazama kwa miwani ya kudharau akasema, "Mlijua ziwa limeota, mkabeba mimba?" Nikamwambia mimba ilitangulia gugu, mama. Akasema, "Kwa hiyo una ushahidi wa tarehe ya gugu kuingia? Huo ni waraka nyeti." Magharibi alikuwa amelala. Nilimgusa bega. Akasema, "Napinga."

Nikarudi jikoni. Masatu akaniangalia usoni, akasogeza uji pembeni.

Siku hiyo kulikuwa na karatasi moja ya kupigwa mihuri, ya kuwashukuru wafadhili. Karani huiweka kwenye jalada la bluu, na jalada nalibeba mimi, chini ya sinia, kwa kuwa makarani hawaruhusiwi kuingia kikaoni, wanajua kusoma.

Ninalo daftari. Nililinunua nijifunze kuandika barua zisizopinda. Nikachana karatasi ya katikati, nikakaa kwenye gunia la mkaa, nikaandika kwa herufi kubwa kama alivyotufundisha mwalimu, na kwa maneno niliyokuwa nimeyasikia saa saba zote hizo redioni:

"Tume imeamua kwa kauli moja. Watu wa Rwanga wakate gugu wapite, leo na siku zote. Warudishiwe mapanga yao. Atakayewazuia ni adui wa ushirikiano."

Ile ya shukrani nikawashia jiko.

Kikaoni nikaiweka karatasi katikati ya meza, nikasogea nyuma na birika langu. Wakasimama. Mihuri ikapanda. Magharibi muhuri wake ulikuwa mkavu, akaupulizia, na katika kupulizia akainamisha kichwa.

"Mbona karatasi ina mistari?" akasema.

Nikashika birika kwa mikono miwili.

"Unasoma!" Kaskazini akafoka.

"Sisomi!"

"Umeangalia chini! Wote wameona!"

"Nimeangalia kona yangu! Kona yangu ina mistari!"

"Mstari ndio mwanzo wa kusoma," Kusini akasema kwa uchungu. "Hivi ndivyo vita vinavyoanza."

"Hata mtoto wa chekechea huanza na mistari," Mashariki akaongeza, na mara moja akainua uso kutazama dari, ili asije naye akashukiwa. Kaskazini akainua wake. Kusini akainua wake. Magharibi, jasho likimtoka, akainua wake juu kuliko wote mpaka koo likaonekana. Wakubwa wanne, mihuri hewani, macho darini, wanasubiri.

"Hesabu, binti," Katibu Mkuu akasema, naye akitazama dari kwa heshima.

"Moja," nikasema.

Nikamkumbuka Mama Ndaro na lile bati.

"Mbili."

Muhuri wa Magharibi ulikuwa umeanza kushuka. Nilimsubiri. Mimi najua kusubiri, ndiyo kazi yangu. Ulipopanda tena,

"Tatu."

Pa!

Saa saba mchana redio nne zikasoma karatasi yangu. Msomaji hakukwama mahali. Walinzi, waliokuwa na miezi wakisema "azimio ni azimio", wakasema azimio ni azimio, wakafungua zile kamba. Na kwa kuwa kila nchi iliogopa kuwa ya mwisho kutii, zilishindana kurudisha mapanga. Kusini walirudisha na majembe ambayo hayakuwa yetu. Rwanga walikata alasiri ile na kesho yake kutwa. Dada alivushwa amelala chali mtumbwini, kanga usoni kwa jua, Masatu, aliyerudi na boti iliyopeleka mapanga, akisukuma, miguu yake bado imefungwa bendera. Walimpasua kabla jua halijazama. Mtoto ni wa kike. Alitoka ameshika kitovu chake kama mtu aliyeshika muhuri, dada anasema, lakini dada huongeza chumvi.

Mama Ndaro hakufufuka. Hilo nalo mlishike.

Kilimani kulikuwa na kazi. Wajumbe walikuja asubuhi wamevimba macho, wakatazamana. Kufuta azimio kunataka mmoja aseme, "Mimi sikujua nilichopiga muhuri." Na atakayesema hivyo amekiri kwamba wenzake huenda walijua.

"Azimio zuri," Kaskazini akasema hatimaye. "Tulilipigania."

"Wazo lilikuwa letu," Kusini akasema.

"Mimi kama mama," Mashariki akasema, akavua miwani yote miwili.

"Naunga mkono," Magharibi akasema, na hiyo imeandikwa kwenye kumbukumbu kuwa ni mara ya kwanza.

Magari meupe nayo yalikuja, na kwa kuwa mshindi hakupatikana, yakagawanywa sawasawa. Yako nje, matatu kila mlango, yanatazama upande ambao hauna ziwa. Mtoto wa dada amenyimwa cheti cha kuzaliwa na nchi zote nne, kwa barua za pongezi. Gugu bado lina vitambulisho vyake. Linaendelea kuota, na watu wa Rwanga wanaendelea kulikata.

Wajumbe walipotoka, Katibu Mkuu alibaki. Alizunguka meza, akainama pale karatasi ilipokuwa, akapapasa mbao kwa kidole.

"Binti. Wewe ndiye uliyehesabu. Uliona nini?"

"Mimi nahesabu tu, mzee," nikamwambia, nikimjazia kikombe. "Mpaka tatu."

Akafungua mdomo kuuliza tena. Kisha akakumbuka kwamba mtu wa kwanza kutaka kujua ndiye atakayekuwa wa kwanza kulaumiwa, akanywa chai yake.

Jumatatu wanakaa tena. Daftari langu lina karatasi arobaini na nane. Nimechana moja.